Geti la Upande wa Mto

Kwa zaidi ya miaka thelathini mama yangu alipika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, hatua arobaini kutoka geti la hospitali. Nilizihesabu hatua hizo nikiwa mtoto, nimebeba sufuria lililofungwa kwa kitenge. Nikazihesabu tena mwaka ule ukuta ulipojengwa, maana kuna mtu aliniambia ofisini kwamba nyumba yetu haiguswi na mradi.

Jina la hospitali silitaji, wala la mtaa. Majirani zangu bado wanatibiwa pale, na wauguzi wa pale wamepanga vyumba vyangu. Itoshe kusema ni hapa Arusha, mahali ambapo upande wa juu kuna barabara ya lami yenye vifodi, yaani daladala ndogo, upande wa chini kuna mto unaotoka mlima Meru, na katikati ndiko tuliko sisi: nyumba za bloku, vichochoro na migomba inayoota hata pale ambapo hakuna aliyeipanda.

Geti la zamani lilikuwa upande wetu, upande wa mto. Asiyewahi kuishi karibu na hospitali anaweza kudhani geti ni chuma tu. Mbele ya lile geti palikuwa na duka la dawa, wakala wa pesa za simu, fundi viatu, kijiwe cha toyo (bodaboda), na dada aliyeuza vitu ambavyo mjamzito huambiwa aje navyo: beseni, kanga, pamba, glavu, mpira wa kujifungulia. Saa kumi na mbili alfajiri, saa sita mchana na saa kumi jioni ndugu walikuwa wakiingia na vyakula. Mzazi lazima apate mtori, hilo halina mjadala kwa Wachaga wala kwa majirani zao, na asiyekuwa na ndugu mjini alipikiwa na mama. Waliotoka Longido au Loliondo walitaka chai ya maziwa. Wengi hawakuwa na pa kulala, kwa hiyo jioni mama alitandika mikeka barazani, na asubuhi tuliwakuta wamejifunika mashuka yao mekundu, simu zimechomekwa kwenye soketi yetu, wakisubiri muuguzi aite jina.

Hospitali ilikuwa lazima ikue. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Watu laki mbili zaidi katika miaka kumi, na wodi ya wazazi ilikuwa ileile niliyozaliwa mimi. Wanawake walilala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, pamoja na vichanga vyao. Mdogo wangu alipopata ajali ya pikipiki maeneo ya Kisongo, kipimo cha kichwa hakikuwepo, ikabidi apelekwe hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kilomita 80, usiku, mama akiwa ameshika chupa ya dripu nyuma ya gari tangu Usa River hadi Boma Ng'ombe na zaidi. Alipona. Kwa hiyo barua ya upanuzi ilipofika mtaani, nyumbani kwetu ilipokelewa kwa shukrani, na shukrani hiyo sijaiondoa hadi leo.

Mkutano wa wananchi ulifanyika uwanja wa shule, chini ya mjakaranda. Walikuwepo mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, diwani, watu wa ardhi kutoka jiji, na watu wa hospitali. Mimi nilichaguliwa katibu wa kamati ya wananchi kwa kuwa ni mwalimu, nikanunua kaunta buku na kuandika kila swali lililoulizwa. Kaunta buku hilo ninalo bado. Maswali yalikuwa 26. Maswali 21 yalihusu fidia, matatu yalihusu makaburi, mawili yalihusu ajira za vijana kwenye ujenzi. Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza geti jipya litakuwa wapi. Mimi pia sikuuliza.

Kuhusu fidia nilijifunza mengi kwa haraka, na nayasema hapa kwa sababu watu huyajua wakiwa wameshachelewa. Kanuni za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 hazihesabu kiwanja na nyumba peke yake. Kuna posho ya usumbufu. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36. Kuna usafiri, gharama ya kuhamisha tani 12 ndani ya kilomita 20. Kwa mwenye biashara kuna faida iliyopotea, nayo ni ya miezi 36. Lakini jirani yangu seremala, mtu aliyelisha watoto watano kwa randa na msumeno, hakuwa na daftari la mauzo, achilia mbali hesabu zilizokaguliwa. Kilichoandikwa kwake kilikuwa banda la mabati. Mwingine alihamishia familia kwao Meru mapema, akidhani anawahi. Nyumba ikakutwa tupu, na posho za makazi na usafiri haziendi kwa mahali pasipokaliwa na mtu. Na wapangaji wote wa nyumba 31 zilizotwaliwa, ambao kwa idadi walikuwa wengi kuliko wenye nyumba, hawakuwemo katika jedwali la fidia. Walikusanya magodoro yao wakaondoka kimyakimya. Hilo liliniuma, na liliniuma zaidi nilipogundua kwamba hata sisi kwenye kamati hatukuwa na mpangaji hata mmoja.

Malipo yalikuja baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ripoti ya uthamini, kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, ina uhai wa miaka 2, hivyo kila mwezi ulipopita niliuwekea alama kwenye kaunta buku. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inadai riba. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu jambo hilo, na wachache ndio walioandika barua za kuidai. Wengine waliogopa kwamba wakidai riba watakosa hata kile walichoandikiwa. Katika muda wote huo hakuna aliyeziba paa linalovuja, maana nyumba ikishathaminiwa, kila utakachoongeza hakihesabiwi. Watoto walikaa misimu miwili ya mvua chini ya mabati yenye matundu.

Nyumba yetu haikuwemo katika zile 31. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Ramani ya mradi ilibandikwa ukutani katika ofisi ya mtaa. Nilikwenda siku ya kwanza, asubuhi, kabla ya kipindi cha pili. Nilitafuta mstari mwekundu wa mpaka, nikaukuta umepita mbele ya nyumba yetu bila kuigusa. Jicho langu lilikwenda nyumbani kwetu, likaridhika, likarudi. Nikaenda kumwambia mama, naye akapika chai kwa ajili ya wote waliokuwepo barazani. Upande wa juu wa ramani ileile, kwenye lami, palikuwa na vijistari viwili vifupi na upinde mdogo katikati yake. Lilikuwa geti. Upande wetu mstari ulikwenda moja kwa moja bila kukatika, tangu kona hadi kona. Ramani ilikaa pale wiki kadhaa, tukapita mbele yake mara nyingi kusaini karatasi za fidia, na mimi mwalimu wa jiografia wa darasa la sita sikujua kuisoma.

Ukuta ulijengwa kwa wiki tatu. Geti la zamani lilitolewa bawaba siku ya Alhamisi. Fundi mmoja kijana alimwambia mama kwa heshima zote, "Shikamoo mama, naomba usogeze jiko kidogo tupitishe toroli." Mama akaitika marahaba, akasogeza jiko. Jioni palikuwa na bloku mahali pa geti.

Duka la dawa lilihama katika miezi miwili. Simlaumu mwenyewe, mtu akitoka na karatasi ya daktari huingia duka la kwanza analoliona, na duka la kwanza sasa lilikuwa juu kwenye lami. Toyo wakafuata, kisha wakala wa pesa, kisha yule dada wa mabeseni. Vyumba vyangu sita nilivyokuwa nikipangisha kwa 60,000 kwa mwezi, vitatu vilikaa vitupu hadi nikashusha kuwa 35,000. Wauguzi wa zamu ya usiku hawakutaka tena kuzunguka ukuta gizani, na walikuwa na haki. Mtaa ambao kwa miaka mingi ulijengwa na watu wanaokwenda na kutoka hospitalini ulibaki ukitazama ukuta. Wale 31 walihesabiwa, wakapigwa picha na namba zao mkononi, wakalipwa. Sisi tuliobaki hatukuwa tumenyang'anywa hata futi moja ya ardhi. Fidia inahesabu ardhi iliyotwaliwa na kilicho juu yake. Njia ambayo watu wamekanyaga tangu miaka ya themanini haina hati, haina mmiliki, na ile ya kwetu ilipita ndani ya eneo la hospitali lenyewe, kwa hiyo kisheria hakuna kitu kilichochukuliwa kwetu.

Mama hakuacha kupika. Alikuwa na miaka 71. Alibeba mtori akazunguka: kichochoro, kando ya ukuta, kupanda hadi lami, kushuka hadi geti jipya. Siku moja nilimfuata nyuma nikihesabu. Hatua 1,900 na zaidi kidogo. Wale wa Longido hawakushuka tena kwetu, maana hawakujua tupo. Walilala kwenye vibaraza vya hospitali, walinzi wakiwaondoa usiku.

Usiku ninaotaka kuueleza ulikuwa wa Aprili, masika yamechanganya. Mmoja wa wapangaji wangu, binti mwenye mimba ya pili, alishikwa na uchungu saa nane. Mimba ya pili haisubiri. Tulimpigia kijana wa toyo akaja, lakini njia ya kando ya ukuta ilikuwa imegeuka mfereji: uwanja mpya wa hospitali umewekwa sakafu, maji yote ya mvua yanatoka kwa matundu ya chini ya ukuta na kumwagika upande wetu, juu ya ule udongo mweusi unaonata. Pikipiki ilizama. Tukamshika mikono tukatembea. Hatukufika hata nusu. Alisimama, akashika ukuta kwa viganja viwili, akasema, "Mwalimu, mtoto anatoka."

Wodi mpya ya wazazi iko nyuma ya ukuta uleule. Taa zake tuliziona. Nilichukua jiwe nikagonga bloku na kupiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Dirisha likafunguliwa juu yetu.

"Nani huko?"

"Mama anajifungua! Hapa chini, nyuma ya ukuta!"

"Mtoto ameshatoka?"

"Anatoka!"

"Mpokeeni. Mwekeni kifuani kwa mama yake, mfunikeni na kitu kikavu. Kitovu msikate! Nakuja."

Kitu kikavu hakikuwepo. Mama alivua sweta alilovaa ndani ya koti la mvua, tukamfunika mtoto. Alilia. Kutoka dirishani tulimsikia mwingine akisema, "Amelia, asante Mungu." Na yule muuguzi, pamoja na mlinzi mwenye tochi, walikuja mbio kwa kuzunguka, hatua zile zile 1,900, huku mvua ikinyesha na sisi tukimkinga mzazi kwa mwavuli mmoja. Muuguzi alipofika alikuwa na matope hadi magotini. Alibana kitovu, akakata, akamtazama mzazi, akamshika mkono. Hakusema neno la lawama kwetu wala kwa mtu yeyote.

Mtoto ni wa kike, mzima.

Asubuhi niliandika barua. Nilikuwa nimeshaandika mbili kabla ya hapo kuhusu njia, nikazikabidhi mkononi kwa watu wema waliosema watazifikisha, na sijui ziliishia wapi. Mwalimu mkuu wangu mstaafu aliniambia nipeleke nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na nirudi nayo nyumbani, na nakala nyingine ziende kwa mtendaji wa kata na diwani. Nilifanya hivyo. Baada ya siku tisa tuliitwa.

Niliingia katika kikao kile na hasira. Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, alitusikiliza hadi mwisho bila kushika simu yake. Kisha akaeleza kwa nini geti ni moja: kila geti ni walinzi wawili kwa kila zamu, vifaa viliwahi kuibwa kupitia lile la zamani, gari la wagonjwa linahitaji njia isiyo na mikokoteni wala majiko, na wakati wa magonjwa ya kuambukiza lazima ijulikane nani ameingia. Yeye mwenyewe alihamishiwa hapo michoro ikiwa imeshapitishwa. Nilielewa. Waliochora walifika kwa gari, wakaingia kwa upande wa lami, wakapima, wakatoka kwa upande wa lami. Hakuna aliyewaambia kuna watu wanaokuja kwa miguu kutoka mtoni, na nafasi ya kuwaambia ilikuwepo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi wasikilizwe katika tathmini ya athari. Walikuja vijana na dodoso, wakatuuliza juu ya vumbi na kelele za ujenzi, tukajibu juu ya vumbi na kelele.

Aliyebadilisha kikao ni yule muuguzi. Alisimama akiwa na sare, ametoka zamu. Alisema: "Mimi nilisimama dirishani nikamsikia mtoto analia upande wa pili, na mikono yangu haikuweza kumfikia." Akakaa. Hakuna aliyezungumza kwa muda.

Tulikubaliana mlango wa miguu, si geti. Upana unaopitisha machela na kiti cha magurudumu, magari hayapiti. Hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, hufungwa saa tatu usiku, na kwa usiku kuna kengele inayolia katika wodi ya wazazi. Hospitali ilitoa mlango na mlinzi. Mtaa tulichanga lori mbili za moramu kutoka Moshono, na vijana wakaitandaza wenyewe kwa Jumamosi tatu. Kuanzia kikao hadi ufunguo wa kwanza ilichukua miezi saba. Kengele imeshalia mara nne tangu iwekwe. Naandika tarehe kila inapolia.

Siwezi kusema kila kitu kimerudi. Duka la dawa halikurudi. Vyumba vimejaa, lakini kwa bei iliyo chini ya ile ya zamani. Seremala yuko Muriet, anaanza upya kutafuta wateja. Yale majengo mapya yanafanya kazi nzuri: mwaka jana mama alipopatwa na kizunguzungu na mdomo ukaanza kupinda, alipimwa kichwa siku ileile, hatua chache kutoka jikoni kwake, kitu ambacho mdogo wangu alikikosa. Sasa anatembea na fimbo na anapika sufuria dogo. Juzi niliwakuta wazee wawili wa Kimasai barazani, wamevuliwa viatu na mama, wanakunywa chai.

Watu wa mtaa mwingine ambao kituo chao cha afya kinapandishwa hadhi waliniita mwezi uliopita. Nilikwenda na kaunta buku. Niliwaambia kabla ya kuuliza bei ya mita ya mraba waombe nakala ya ramani, waishike mkononi na kutembea mpaka wote kwa miguu, wakisimama kila mahali ambapo leo mtu hupita, na kuuliza hapo mstari umekatika au haujakatika. Wawachukue wapangaji, wawachukue na wanawake wanaobeba vyakula, maana wanaume waliokuwa kwenye kamati yetu hawakuwa wakipita njia ile mara tatu kwa siku. Waulize kichomea taka kitakaa wapi na upepo unavuma kuelekea wapi. Waulize maji ya mvua ya mapaa na sakafu zote mpya yatatokea kwa nani.

Hilo la maji kwetu halijaisha. Matundu bado yanamwaga njiani, na moramu ya Jumamosi tatu imeanza kuchimbika karibu na mlango. Nimepima kwa rula ya darasani: kina kimefika sentimita 20. Barua ya mfereji niliipeleka masjala Jumanne. Karani aliigonga muhuri, akanirudishia nakala yangu, nikaibandika kwenye kaunta buku, ukurasa unaofuata ule wa kengele. Mvua za vuli hazijaanza bado.